Sitoki nyumbani: nitajifunzaje historia nisiishie kukusanya uvumi?

*Swali: Nina miaka 44. Huu ni mwaka wa pili namuuguza mama yangu, mwenye miaka 83, na siwezi kuondoka nyumbani zaidi ya saa moja au mbili. Shuleni nilipenda historia kuliko masomo yote. Sasa usiku, mama akishalala, natazama video na kusoma makala kwenye simu, lakini kila mmoja anasema lake, na anayemfuata anamkanusha. Naanzia wapi? Nitajuaje la kweli? Na mtu asiye na shahada wala lugha nyingi za kigeni anaweza kweli kujifunza historia akiwa nyumbani, au najidanganya?*

Dada, nitaanza na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha raha. Hayo mengine mawili ni ya ufundi, na ufundi hufundishika.

Katika karne ya 19 aliishi London bwana mmoja, William Desborough Cooley, aliyejifunza Afrika akiwa mezani kwake. Hakuwahi kukanyaga bara hilo. Mwaka 1841 alitoa kitabu kuhusu dola za kale za Afrika Magharibi, na malighafi yake ilikuwa maandishi ya Kiarabu: al-Bakri, Ibn Battuta, Ibn Khaldun na wenzao. Aliwakalisha waandishi hao kama mashahidi barazani, akawahoji mmoja mmoja. Wewe ulifika mwenyewe au ulisimuliwa? Aliyekusimulia alipitia njia gani? Mji huu unauita hivi na mwenzako anauita vile. Ni mji mmoja au miwili? Kazi ile wanahistoria wa Afrika Magharibi wanaiheshimu mpaka leo.

Miaka saba baadaye, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na weupe uliofunika kilele chake. Akaandika kwamba ni theluji, na mwaka uliofuata habari hiyo ikachapishwa London. Cooley akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Akaandika kumkejeli, akashikilia neno lake miaka na miaka, mpaka safari za Baron Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 zilipowatoa watu shaka.

Mtu yuleyule, meza ileile. Kitabu cha kwanza alikiandika akiwa na maswali, hili la pili alilishika akiwa na jibu tayari. Kwa hiyo kukaa nyumbani si kasoro. Wanahistoria wengi wa kazi hutumia siku zao vivyo hivyo, wameketi peke yao mbele ya karatasi za marehemu. Hujidanganyi. Utajidanganya siku utakapoanza kutafuta ushahidi wa kitu ambacho tayari umeshaamua.

Sasa, unaanzia wapi. Umeniuliza hivyo, na papo hapo umenitajia mama wa miaka 83.

Fanya hesabu. Mama alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kama alilelewa karibu na bibi yake, huyo bibi huenda alizaliwa miaka ya 1880 au 1890. Basi kati yako na karne ya 19 kuna watu wawili tu, na mmoja wao yuko chumba cha pili. Hakuna tovuti itakayokupa hilo, na hilo halina akiba: likipotea limepotea. Makavazi yatakusubiri. Anza na mama.

Ila usimuulize "ilikuwa mwaka gani". Hilo ndilo swali baya kuliko yote kwa mtu mzima, kwa sababu atakujibu kwa adabu, kwa kubahatisha, na wewe utaandika bahati nasibu ile kwa kalamu ya wino. Muulize mambo yaliyokaa karibu na tukio. Ulikuwa umeshaolewa? Kaka yako mkubwa alikuwa yupo au alikuwa ameondoka? Mlikuwa mnaishi nyumba ipi? Fedha mliyotumia ilikuwa na picha ya nani? Watu hawakumbuki tarakimu, wanakumbuka nani alikuwa mgongoni. Ukijua mtoto wa kwanza alizaliwa lini, na mama akakwambia tukio lilikuwa "mimba ya wa kwanza ina miezi mingi", umepata tarehe iliyo bora kuliko mwaka wa kukisia.

Yako pia matukio makubwa yanayosimama kama nguzo, ambayo tarehe zake tunazijua bila ubishi. Homa kuu ya mafua ilizunguka dunia mwaka 1918. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1896 ilikuwa imevuka mto Zambezi kuelekea kusini. Nyota yenye mkia ya Halley ilionekana 1910. Na kuna kupatwa kwa jua, nguzo niipendayo kuliko zote kwa sababu jua halina upande katika ugomvi wa watu. Siku ya vita vya Isandlwana, Wazulu walipolishinda jeshi la Waingereza tarehe 22 Januari 1879, jua lilipatwa mchana ule, na Wazulu waliikumbuka kama siku ya mwezi uliokufa. Wanasayansi wa nyota wanakokotoa na kukuta ndivyo ilivyokuwa. Katika masimulizi ya falme za Maziwa Makuu kuna vita vya mfalme wa Bunyoro vilivyovurugwa na jua kuzimika mchana. Wengi wanalihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, ingawa wapo wanaobisha kwamba huenda ni kupatwa kwingine. Shirika la anga la Marekani, NASA, limeweka bure mtandaoni orodha ya kupatwa kwa jua kwa kipindi cha miaka elfu tano, pamoja na ramani za kivuli kilipopita. Mama akikwambia bibi yake aliona mchana ukageuka usiku, hilo unaweza kulitafuta usiku huohuo ukiwa umekaa kitandani.

Tumia rekoda ya simu, lakini kwanza mwombe ruhusa, na mweleze utakayemsikilizisha. Mazungumzo yawe mafupi. Dakika 20 zinatosha kwa mtu mgonjwa. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe na majina yenu wawili, kisha nyamaza. Nyamaza kweli. Kimya cha sekunde kumi kinakera, lakini habari nzuri mara nyingi huja mwishoni mwa kimya hicho. Akijirudia leo na kesho, acha ajirudie, kwa sababu mahali simulizi la pili linapotofautiana na la kwanza ndipo penye swali la kuuliza. Hifadhi nakala mbili mahali pawili.

Na picha. Naamini iko bahasha au kopo la picha mahali fulani ndani ya nyumba hiyo. Chukua moja tu, ya zamani kabisa, uiweke chini ya taa, na usitazame nyuso. Geuza nyuma. Kuna muhuri wa studio? Kuna mwandiko? Ule mwandiko ni wa nani, na wino wake ni wa kipindi cha picha au wa juzi? Kama imechapwa kwenye kadi ya posta, angalia upande wa nyuma kama umegawanywa kwa mstari, ujumbe huku na anwani kule. Zamani upande ule ulikuwa wa anwani peke yake. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907. Kadi iliyogawanywa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata aliyeirithi aape. Kingo za picha zenye meno meno kama stempu zilipendwa sana kati ya miaka ya 1930 na 1960. Ukimaliza hayo ndipo urudi mbele, na hata hapo anza na pembeni: viatu, saa ya mkononi, pazia la nyuma lililochorwa, kiti ambacho huenda ni cha studio wala si cha nyumbani. Wengi waliopiga picha studio waliazimwa koti. Usije ukaandika ukurasa mzima kuhusu utajiri wa babu kumbe utajiri ni wa mpiga picha.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Sasa twende mbali zaidi, kwenye swali lako la pili, la kujua ukweli.

Chukua Kilwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, kisha anasema nyumba zake ni za mbao na paa zake za matete. Shahidi aliyefika mwenyewe, unataka nini tena? Lakini fungua picha za magofu. Utaona Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, ambao sehemu yake ya kwanza ilisimama zaidi ya karne moja kabla yake. Utaona Husuni Kubwa, jumba juu ya genge la bahari, lenye hodhi la pembe nane, linalohesabiwa kuwa kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenyeji wa Ibn Battuta mwenyewe. Mgeni alilala kwa mjenzi wa jumba la mawe, akaandika mji wa mbao.

Alidanganya? Sidhani. Kitabu chake kilikamilika Morocco mwaka 1355, miaka 24 baadaye, akisimulia kwa kinywa na mwandishi Ibn Juzayy akiandika. Jaribu kueleza leo paa la nyumba uliyolala siku chache miaka 24 iliyopita. Tena huenda macho yake yalikuwa sahihi kwa upande mmoja, kwa sababu nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na watu wengi wa mji waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo hazikubaki kuwa magofu. Mawe yanatuonyesha matajiri kwa kuwa ndiyo yaliyodumu.

Shahidi wa pili ni tarehe ya masultani wa Kilwa, yaani kitabu cha habari zao. Imetufikia kwa njia mbili: muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, na mswada wa Kiarabu uliomo Maktaba ya Uingereza, ambao ni nakala ya karne ya 19 iliyotoka Unguja. Hiyo ya Kiarabu inasimulia sultani wa Shiraz na wanawe sita waliosafiri kwa meli saba, kila meli ikatia nanga mji wake. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza, zimepatikana ardhini, kwa hiyo jina si la kubuni. Lakini kwa miongo mingi wanahistoria waliitilia shaka hadithi ya Shiraz, wakaiona kama nasaba ya kujipambia.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani kati ya takriban 1250 na 1800. Upande wa mama, asili yao ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Upande wa baba, sehemu kubwa ilitoka kusini-magharibi mwa Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ule ulianza karibu na mwaka 1000. Zile meli saba bado ni hadithi, ila wageni wa Kiajemi si hadithi. Na mwandishi wa tarehe, aliyeorodhesha baba na wana kwa fahari, hakuwa na neno kuhusu kina mama waliowazaa na kuwalea watoto wale na kuwafundisha kusema. Lugha unayoisoma sasa ni ya Kibantu. Huyo ni shahidi wa tatu au wa nne, sijui umeshafikisha wangapi, na hakuhitaji maabara.

Ndivyo ukweli unavyotafutwa, dada: kwa kumuuliza kila mmoja alijuaje, wala si kwa kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Yule Rebmann aliyeiona theluji ndiye, pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, aliyetoa katikati ya miaka ya 1850 ramani yenye ziwa moja kubwa la ajabu, refu, limejikunja kama konokono asiye na gamba. Wafanyabiashara wa misafara waliwaambia kwamba kila njia ya kwenda bara inaishia kwenye maji makubwa. Walisema kweli! Yalikuwa maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Walioketi pwani ndio waliounganisha. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka 1857 kwenda kutazama, na mwaka uliofuata ziwa moja likaanza kugawanyika. Shahidi yuleyule alikuwa sahihi kwa alichokiona na akakosea kwa alichokikisia. Ukisoma makala yoyote usiku, weka kidole kwenye kila sentensi nzito na ujiulize hii ni ya jicho, ya sikio au ya kichwa.

Vyanzo vyenyewe viko wapi? Vingi viko bure, na ni vingi kuliko muda ulionao. Internet Archive ina mamilioni ya vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na HathiTrust nayo vivyo hivyo. Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia ina magazeti ya zamani unayoweza kuyatafuta kwa neno. Europeana inakusanya makumbusho na maktaba za Ulaya mahali pamoja. Mkusanyo wa David Rumsey ni wa ramani, na ukishaingia usiku utakuishia humo. Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, umepiga picha karatasi za familia, misikiti, makanisa na ofisi kutoka nchi nyingi ambazo zisingefika mtandaoni peke yake. Chuo cha SOAS kina miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hifadhidata ya Slave Voyages ina safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa katika Atlantiki, moja moja, na naionya roho yako kabla hujaifungua. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu, yakiwemo ya Kilwa, Lalibela na Timbuktu, ukatengeneza sura zake za pande zote. Ziara za makumbusho za kubofya mishale sakafuni zipo nyingi; zinapendeza dakika kumi, kisha zinachosha.

Ukikuta hati unayoihitaji, weka nakala na uandike hapohapo umeitoa wapi. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na miswada iliyokuwa mtandaoni ikatoweka machoni pa watu kwa miezi mingi. Walioweka nakala waliendelea na kazi.

Siri moja ambayo wanaoanza hawaambiwi: utatafuta neno na usikute kitu, na utadhani hakuna. Kumbe unatafuta kwa tahajia ya leo. Wareno waliandika Quiloa na Mombaça. Wafaransa waliandika Zanguebar. Kwa Wajerumani, lugha yetu ilikuwa Suaheli na mlima ulikuwa Kilima-Ndscharo. Kila mji wa zamani duniani una majina matatu au manne ya namna hii. Yaandike nyuma ya daftari, uyajaribu yote. Pia kompyuta husoma vibaya herufi za kale. Vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 viliandika herufi s kwa umbo linalofanana na f, na mashine huzisoma vivyo hivyo. Unayemtafuta yupo, ila jina lake limeharibika.

Tarehe nazo zina mitego yake. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza majuma matatu kwa barua iliyoandikwa mwaka 1294. Nilijua Hijra ilikuwa 622, nikajumlisha, nikapata 1916, na nikaanza kumtafuta mwandishi katikati ya Vita Kuu ya kwanza. Hakuwepo, kwa sababu mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na tofauti ile hujilimbikiza karne hadi karne. Njia ya haraka ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622. Barua yangu ilikuwa ya 1877. Ulaya nako si salama: Uingereza mwaka 1752 iliruka kutoka 2 Septemba hadi 14 Septemba ili kubadili kalenda, na Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya 1917, kwa kalenda tunayotumia sasa, yalikuwa Novemba.

Kuhusu kughushi, usiogope, kwa kuwa mara nyingi hati ya uongo hujisema yenyewe. Kwa karne nyingi mapapa wa Roma walitegemea hati iliyodai kwamba Mfalme Konstantino, katika karne ya 4, aliwapa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla aliibomoa kwa kusoma tu. Kilatini chake hakikuwa cha karne ya 4. Kilitaja maliwali kwa neno ambalo Warumi wa enzi ile hawakulitumia kwa watu wao. Kilizungumzia hadhi ya Konstantinopoli kabla mji haujawa na hadhi hiyo. Valla hakuhitaji maabara wala safari, sikio la lugha lilimtosha. Wewe pia unalo. Ukiona barua ya kuskaniwa inayodaiwa kuwa ya 1910 na inataja Tanganyika kuwa jina la nchi, simama: ziwa lilikuwepo, nchi ilipewa jina hilo mwaka 1920. Ikitaja Tanzania kabla ya 1964, funga na ulale.

Video na akaunti za mitandao sizikatazi. Mimi mwenyewe hutazama. Lakini zitumie kama dalali: anakuonyesha nyumba ilipo, wewe ndiye unayeingia kukagua. Msimulizi asiyetaja ametoa wapi neno lake, mshukuru na uendelee. Nukuu tamu ya shujaa aliyekufa zamani, isiyo na kitabu wala siku, ichukulie kuwa imetungwa mpaka ithibitike vingine. Rangi kwenye picha za zamani kwa kawaida zimepakwa baadaye kwa kukisia, na siku hizi kuna picha zilizotengenezwa na kompyuta ambazo hazikuwahi kupigwa na mtu yeyote. Programu za kujibu maswali nazo husaidia kutafsiri na kukupa maneno ya kutafutia, ila zikikutajia kitabu na ukurasa, nenda ukauone ukurasa. Zimewahi kutaja vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa, kwa sauti tulivu kabisa.

Kwa nafasi uliyonayo, ningekushauri swali moja kwa miezi mitatu. Si "historia ya Afrika", si "vita vya dunia". Liwe dogo kiasi cha kuingia kwenye mstari mmoja wa daftari: kwa nini bibi yake mama alihama? Kofia ile kwenye picha ilitoka wapi? Swali dogo litakutoa nje lenyewe, kwa maana uhamaji una njaa nyuma yake, njaa ina mvua na kodi, na kofia ina meli. Kila Jumapili andika nusu ukurasa wa unachojua na robo ukurasa wa usichokijua. Robo ile ya pili ikikua kuliko ya kwanza, unaendelea vizuri.

Limebaki la lugha. Kweli, vyanzo vingi viko kwa Kiingereza, Kireno, Kijerumani na Kiarabu, na tafsiri ya mashine ina makosa yake. Lakini barua za Kiswahili za kale kabisa tunazozijua, kutoka Kilwa ya 1711 na miaka iliyofuata, zimehifadhiwa Goa, India, ndani ya makavazi ya Wareno. Nataka kusema kwamba Kiswahili kimefichama katika karatasi za watu wengine, na anayekijua hukiona mahali ambapo wengine wanapita. Rudi kwa Rebmann, siku ile ya Mei 1848. Katika shajara yake anasimulia kwamba alimuuliza kiongozi wake wa njia ule weupe juu ya mlima ni nini. Akaandika jibu kwa herufi zake za kigeni: *Beredi*. Mzungu akaeleza kwamba mtu yule hakuijua theluji, kwa hiyo aliuita weupe ule baridi tu, na akaendelea na maelezo yake mwenyewe.

Lisome neno hilo kwa sauti, dada, na ujiulize kiongozi yule alijuaje kuwa kule juu kuna baridi.